Shule Imfuatayo Mwuguzi

Jinsi wauguzi wa Australia wajifunzavyo kutunza wagonjwa wa kansa ya matiti bila kuiacha kazi yao

Tufikirie mama mmoja akaaye mbali na mji. Siku moja, akiwa anaoga, mkono wake wagusa kitu kigumu katika titi, kidogo kama punje ya mahindi. Hakimwumi, naye anyamaza. Amwambie nani? Mumewe yuko kazini, watoto wangali wadogo, na majirani wakisikia watasema mengi. Miezi yapita. Mwishowe apelekwa hospitali kubwa ya mji, na daktari amweleza kwa muda wa nusu saa: ugonjwa ni kansa, itampasa kupasuliwa, kisha kutiwa dawa kali, kisha kumeza vidonge kwa miaka. Mama asikia neno la kwanza tu. Hayo mengine hayakuingia masikioni mwake.

Mama huyo aweza kuwa wa Kongo, aweza kuwa wa Uingereza au wa Australia. Hofu yake ni ile ile popote. Lakini kuna jambo moja ambalo halifanani popote, nalo ni hili: akirudi kwake, je, yuko mtu wa karibu aujuaye ugonjwa huo, awezaye kumweleza tena yale asiyoyasikia, na kumtazama mpaka mwisho? Katika makala hii twataka kueleza habari za watu wa namna hiyo. Ndio wauguzi waliojifunza hasa kuwatunza wagonjwa wa kansa ya matiti, ugonjwa ambao wengine huuita saratani. Na tena twataka kuonyesha jinsi wengi wao walivyoipata elimu hiyo pasipo kuondoka katika hospitali zao ndogo.

KAZI ILIYOANZA UINGEREZA

Hapo zamani, mwanamke aliyekatwa titi alilazwa, jeraha likafungwa, nyuzi zikatolewa, akarudishwa kwake. Waganga waliona kazi yao imekwisha, maana mwili umepona. Ni katika miaka ya 1970 ambapo watu wa Uingereza walianza kuuliza wazi: na moyo wake, je?

Katika mji wa Manchester daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Peter Maguire, pamoja na wenzake, walilichunguza jambo hilo kwa hesabu. Waliwafuata wanawake 152 waliokatwa titi. Wanawake 75 walipewa mwuguzi wa kuongea nao na kuwatembelea. Wengine 77 walitunzwa kwa desturi ya siku zote. Majibu yake yalitolewa mwaka 1980 katika gazeti la waganga wa Uingereza, nayo yafaa tuyatazame vizuri.

Kwanza, mazungumzo ya mwuguzi hayakuizuia huzuni isije. Wanawake waliotembelewa walishikwa na majonzi na hofu kama wenzao. Bali yule mwuguzi, kwa kuwa alikuwa akiwatazama mara kwa mara, aliwatambua mapema wale waliozidiwa. Katika kila wanawake 100 waliohitaji msaada wa daktari wa akili, yeye aliwaona na kuwapeleka 76. Katika kundi la pili walioonekana walikuwa 15 tu. Basi, baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, katika kundi la kwanza waliokuwa bado wagonjwa wa moyo na akili walikuwa 12 katika 100. Katika kundi la pili walikuwa 39.

Hapo tunapata fundisho kubwa. Mwuguzi huyo hawekwi ili amfariji mgonjwa kwa maneno matamu tu. Amewekwa ili aone mapema lile ambalo wengine hawalioni. Na jicho la namna hiyo halipatikani kwa huruma peke yake, hata huruma ikiwa nyingi namna gani. Hupatikana kwa kufundishwa.

NCHI ILIYOZOEA MBALI

Sasa tuiache Uingereza, ambako hospitali hazipo mbalimbali sana, twende Australia. Nchi hiyo ina kilomita za mraba zipatazo 7,700,000, yaani zaidi ya mara tatu ya Kongo. Watu wengi wakaa katika miji mikubwa ya pwani. Walio ndani ya bara wametawanyika kama mbegu zilizomwagwa na upepo. Kutoka Alice Springs, mji ulio katikati ya nchi, hadi Adelaide ulio pwani ya kusini, ni kilomita zipatazo 1,500 za barabara. Umbali huo wakaribia ule upitwao na ndege kati ya Lubumbashi na Kinshasa.

Watu wa nchi ya namna hiyo walilazimika tangu zamani kutafuta njia za kuushinda umbali. Mwaka 1928 mchungaji John Flynn alianzisha huduma ya waganga waendao kwa ndege, na safari ya kwanza iliondoka katika mji wa Cloncurry. Lakini ndege itaitwaje, ikiwa mwenye shamba hana simu? Fundi mmoja, Alfred Traeger, alitengeneza redio iliyopata nguvu za umeme kwa kukanyagwa na miguu kama baiskeli. Kuanzia mwaka 1929 redio hizo zilitiwa katika nyumba za mbali, na mtu akaweza kumwita mganga kutoka jangwani.

Halafu walimu nao wakaiona redio ile. Katika mwaka 1951, huko Alice Springs, ilifunguliwa shule ya redio: mwalimu alikaa mbele ya chombo mjini, na watoto waliokuwa mashambani, kila mmoja kwa wazazi wake, walimsikia na kumjibu. Hivyo njia ile ile iliyomleta mganga ikaleta na somo. Masomo kwa posta yalikuwapo hata kabla ya hapo, maana chuo kikuu cha Queensland kilikuwa na wanafunzi wa mbali tangu mwaka 1911. Kwa hiyo, siku ilipokuja haja ya kuwafundisha wauguzi waliotawanyika, watu wa Australia hawakuanza bure.

MKE WA MCHEZA KRIKETI

Haja hiyo ilijulikana na watu wote kwa ajili ya mama mmoja. Jane McGrath alikuwa mzaliwa wa Uingereza, akaolewa na Glenn McGrath, mcheza kriketi mashuhuri sana wa Australia, mtu aliyelelewa katika mji mdogo wa bara. Mwaka 1997, akiwa na umri wa miaka 31, Jane alionekana ana kansa ya titi. Alitibiwa, akapata nafuu, akazaa watoto wawili. Mwaka 2003 ugonjwa ukarudi, safari hii katika mifupa.

Katika ugonjwa wake Jane aliona jinsi inavyomsaidia mgonjwa kuwa na mwuguzi wake mwenyewe ajuaye kazi hii. Akajiuliza: mimi nakaa katika mji mkubwa, na mume wangu ana jina; je, wanawake wa mashambani wanaye nani? Mwaka 2005 yeye na mumewe walianzisha shirika la kutafuta fedha ili wauguzi wa namna hiyo wawekwe mahali pengi, hata mbali na miji. Jane alifariki tarehe 22 Juni 2008, mwenye miaka 42. Tangu Januari 2009 kila mwaka uwanja mkubwa wa kriketi wa Sydney hujaa watu waliovaa rangi ya waridi, na fedha huchangwa kwa jina lake. Leo wauguzi wa shirika hilo wapita 200. Jamaa za wagonjwa hawalipi kitu, wala hawahitaji barua ya daktari ili kumwendea mwuguzi. Na katika miaka ya karibuni kazi imepanuliwa ili kuwasaidia hata wagonjwa wa kansa za namna nyingine.

Lakini fedha hazimfanyi mtu kuwa mwuguzi wa kansa. Mwuguzi huyo atafutwe wapi? Katika hospitali ya mji mdogo pengine wako wauguzi wachache tu. Mmoja akienda mji mkuu kusoma mwaka mzima, zamu ya usiku itashikwa na nani? Mara nyingi yeye mwenyewe ni mama wa watoto, na mume ana kazi au shamba. Tena sisi walimu twajua vema jambo moja: amwondoaye kijana kijijini ili akasome mjini, mara nyingi humpoteza. Mji humshika asirudi. Kwa hiyo ilionekana afadhali shule imfuate mwuguzi, kuliko mwuguzi kuifuata shule.

WANASOMA NINI, NA KWA NAMNA GANI?

Anayekubaliwa si mtu asiyejua kitu. Ni mwuguzi aliyekwisha kupata diploma au shahada yake na kuandikwa katika kitabu cha serikali. Masomo haya ni ngazi ya juu yake. Chuo cha wauguzi cha Australia pamoja na vyuo vikuu kadha wa kadha vimefundisha masomo ya namna hiyo kwa mbali, na shirika la serikali lishughulikalo na kansa limetoa mafungu ya masomo katika intaneti, ambayo mwuguzi huyasoma bila malipo. Mwaka 2005 yaliandikwa pia mambo ambayo mwuguzi wa kansa ya matiti hana budi kuyaweza, ili mtu asijiite kwa jina hilo ovyo.

Mwanafunzi hukaa kwake. Jioni, watoto wakiisha kulala, hufungua kompyuta na kusoma fungu moja. Asoma jinsi titi lilivyoumbwa, mifereji yake na vifuko vyake, na jinsi kansa isafirivyo mpaka katika tezi za kwapani. Asoma kwamba kansa ya titi si ugonjwa wa namna moja: nyingine hulishwa na homoni za mwanamke, nyingine sivyo, na kwa sababu hiyo dawa za mama huyu hazimfai yule. Kisha hupewa habari za mgonjwa wa mfano na kuulizwa: wewe ungefanya nini? Huandika jibu lake, mwalimu hulisahihisha na kulirudisha. Siku nyingine wanafunzi wote huitwa saa moja, nao huzungumza pamoja na mwalimu, mmoja yuko pwani, mwingine machimboni, mwingine mahali pa mifugo.

Tutoe mifano mitatu ya yale wajifunzayo, ili msomaji aone kwamba si maneno ya kitabuni tu.

Wa kwanza ni mkono uvimbao. Daktari akiondoa tezi za kwapani, maji ya mwili hukosa njia yake. Baada ya miezi, au hata baada ya miaka, mkono wa upande huo waweza kuvimba na kuwa mzito. Mwuguzi humfundisha mama tangu mapema kuunyosha mkono pole pole kila siku, kuilinda ngozi yake isipate majeraha, na kuja upesi mara aonapo pete au mkono wa nguo umeanza kubana. Ukishikwa mapema, uvimbe huo huzuilika. Ukiachwa, humwondolea mama nguvu ya kazi.

Wa pili ni homa. Dawa kali ziuazo kansa huziua pia chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Mara nyingi chembe hizo huwa chache kabisa siku ya 7 hadi ya 14 baada ya dawa. Katika siku hizo homa ya digrii 38 si homa ya kungojea asubuhi, wala ya kumeza kidonge na kulala. Ni lazima kwenda hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku. Mgonjwa wa mjini hupita barabara moja tu. Mgonjwa wa mashambani ana safari ya saa nyingi. Basi mwuguzi humwandalia mpango kabla: kipimajoto kiwe nyumbani, gari la nani litachukuliwa, hospitali ipi iliyo karibu, na wauguzi wa hapo wajulishwe mbele. Ukosefu wa fundisho hili moja waweza kumwua mtu ambaye kansa yake ilikuwa ikipona.

Wa tatu ni kidonge cha kila siku. Wanawake ambao kansa yao hulishwa na homoni hupewa dawa kama tamoksifeni, nao huimeza miaka mitano au zaidi. Mama ajiona mzima, dawa yamletea joto la ghafula na kumsumbua usingizi, basi aiacha kimya kimya. Daktari aonaye mgonjwa mara mbili kwa mwaka hajui. Mwuguzi anayemkuta sokoni ndiye atakayejua, ikiwa amefundishwa kuuliza bila kukaripia.

KISICHOFUNDISHIKA KWA MBALI

Hata hivyo, tusiisifu njia hii kupita kiasi. Yako mambo ambayo hayasafiri katika waya. Vidole hujifunza kutambua uvimbe kwa kugusa, si kwa kusoma. Kufunga jeraha, kuutunza mfereji utoao maji baada ya kupasuliwa, kukaa kimya karibu na mtu aliaye bila kutafuta kukimbia: hayo hutaka mwalimu aliyesimama kando yako. Kwa sababu hiyo wauguzi hawa huenda pia kwa muda katika hospitali kubwa, na kumfuata mwenzao aliyebobea, akiingia katika chumba cha wagonjwa na katika mkutano wa madaktari. Kitabu na intaneti hutangulia, mkono hufuata, kisha huyu arudi kwake.

Tena asomaye peke yake hupatwa na uchovu. Darasani mwenzako akikuona umelegea hukuvuta. Nyumbani hakuna wa kukuvuta. Zamu ya usiku, mtoto mgonjwa, umeme uliokatika, na tazama, kazi ya kuandika imechelewa wiki mbili. Wasimamizi wa masomo ya mbali po pote duniani wajua kwamba wengi huanza na si wote wafikao mwisho. Wafikao ni wale ambao mkubwa wao wa kazi aliwapa saa za kusoma, na mume wao hakuona haya kupika jioni ile ya mtihani. Msaada wa namna hiyo hauandikwi katika cheti, lakini umo ndani yake.

NA HUKU KWETU AFRIKA

Pengine msomaji atasema: hayo ni ya nchi tajiri. Tujibu kwa mambo yaliyotendeka.

Mwaka 1957 madaktari watatu wapasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha huko Nairobi huduma ya madaktari wa ndege wa Afrika ya Mashariki. Ndiyo iliyokua na kuwa shirika la AMREF. Nalo pia lilipita njia ile ile ya Australia: ndege kwanza, redio, halafu somo. Mwaka 2005, pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya, lilianza kuwafundisha kwa kompyuta wauguzi wenye cheti, ili wapate diploma wakiwa katika hospitali zao wenyewe. Masomo hayo hayakuwa ya kansa peke yake, bali yalionyesha kwamba mwuguzi wa Afrika aweza kusoma namna hii bila kuwaacha wagonjwa wake. Na katika nchi zitumiazo Kifaransa, tangu mwanzo wa miaka ya 2000 uko mtandao wa mafundisho ya uganga uitwao RAFT, ulioanzishwa na hospitali za chuo kikuu cha Geneva pamoja na watu wa Mali. Masomo yake yalitengenezwa kwa makusudi yapite hata katika intaneti dhaifu.

Kwa nini jambo hili latuhusu? Katika mwaka 2022 wanawake wapatao 2,300,000 duniani walionekana wana kansa ya titi, na 670,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Huko Australia, katika kila wanawake 100 waonekanao na kansa hiyo, zaidi ya 90 wangali hai baada ya miaka mitano. Lakini wachunguzi waliowafuata wanawake wa Namibia, Nigeria, Uganda, Zambia na Afrika ya Kusini walitangaza mwaka 2020 kwamba baada ya miaka mitatu tu karibu nusu walikuwa wamekufa. Ugonjwa ni ule ule. Kilicho tofauti ni wakati wa kugunduliwa na utunzaji unaofuata.

Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa shabaha tatu: katika wagonjwa 100, zaidi ya 60 wagunduliwe kansa ingali changa, mgonjwa ajue hakika ya ugonjwa wake kabla ya siku 60 kupita tangu alipofika hospitali, na 80 katika 100 wamalize dawa zao zote. Mashini nzuri zahitajiwa, ni kweli, na dawa pia. Lakini tazama shabaha hizo moja moja. Nani atamwambia mama asingoje? Nani atazihesabu siku 60? Nani atamfuata yule aliyeacha dawa katikati? Mara nyingi mtu wa kwanza aonwaye na mgonjwa huku kwetu ni mwuguzi wa zahanati. Akijua, mgonjwa apata miezi. Asipojua, ampa mafuta ya kupaka na kumwambia arudi baadaye.

NENO KWA JAMAA

Akina mama, jueni matiti yenu yalivyo siku zote, ili mjue yanapobadilika. Uvimbe mpya katika titi au kwapani, ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani au kutoa damu, kidonda kisichopona: hayo yaonyeshwe kwa mwuguzi au mganga bila kungoja. Vimbe nyingi si kansa. Lakini usiseme, «Hainiumi, basi si kitu,» maana kansa ya titi mara nyingi haiumi mwanzoni.

Akina baba, mke akikwambia ameona kitu, usimwache aende peke yake. Kaa naye mbele ya daktari na usikie, kwa sababu masikio yake siku ile yatazibwa na hofu. Na ninyi wenyewe mkumbuke: mtu mmoja hivi katika kila 100 wapatwao na kansa hii ni mwanamume.

Na wewe mwuguzi usomaye gazeti hili katika zahanati iliyo mbali na lami: pengine umefikiri kwamba elimu ni ya wale walio mjini. Waulize wakubwa wako juu ya masomo ya mbali. Ukiyapata, omba saa za kusoma, tafuta mwenzako mmoja wa kusoma naye, hata kama yuko hospitali ya pili, na usione haya kuwa mwanafunzi tena. Yuko mama ambaye bado hajagusa kile kilichomo katika titi lake. Siku atakapokigusa, atakuja kwako kwanza.